Kimea katika Uji wa Mtoto
Leo tuzungumzie uji. Mwepesi unamjaza mtoto tumbo bila kumpa nguvu. Mzito hawezi kuumeza. Na maziwa ya kopo si kila nyumba inayamudu. Mwaka 1983 Mosha wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania na Svanberg wa Chuo Kikuu cha Chalmers, Sweden, walichapisha utafiti juu ya kimea, ndiyo, kile kile cha pombe! Loweka ulezi, uoteshe, uanike, usage. Pika uji mzito, uepue, upoe kidogo, tia kijiko cha unga wa kimea, koroga. Punde utalainika bila kuongeza maji. Urudishe jikoni uchemke. Ukitumia mtama, pukuchua machipukizi yote kabla ya kusaga, yana sumu.