Kumalizia Gobori: Mti Wake na Chuma Chake

Maneno yetu ya leo yahusu gobori, bunduki ishindiliwayo baruti na risasi kwa mdomoni. Wazee wetu waliijua katika misafara ya karne ya 19; lakini twataka kueleza ile iungwayo nyumbani huko Marekani, ambako tangu mwaka 1933 kipo chama cha watu waipendao. Mtu hununua sanduku lenye vipande vyote, akaviunga mwenyewe kwa kufuata sheria ya nchi yake. Kuviunga ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumalizia mti na chuma. Nayo si pambo tu. Mti usiotiwa mafuta hunywa maji, ukafura na kupindika. Na chuma kilicho wazi huliwa na kutu.

Tuanze na mti. Bamba la shaba la kitakoni likiisha kufungwa, twasugua kwa msasa uliozungushiwa kibao, tukifuata nyuzi za mti, hata mti na bamba viwe sawasawa. Msasa ushikwao kwa vidole vitupu huzila kingo, na ukingo uliopotea haurudi. Kisha twapangusa mti kwa kitambaa chenye maji na kuuacha ukauke. Nyuzi ndogo husimama kama vinyweleo, nasi twazisugua kwa msasa laini. Twarudia mara mbili tatu mpaka zisisimame tena. Tusipofanya hivyo, unyevu wa kwanza utazisimamisha, na kazi yote itaparuza.

Ndipo twatia rangi, kisha mafuta ya kitani, kidogo kidogo, kwa kiganja cha mkono. Yaliyozidi twayapangusa, na kila mpako twauacha ukauke kabla ya mwingine.

Hapa twawaonya sana. Matambara yaliyolowa mafuta ya kitani yasikunjwe wala kurundikwa. Mafuta hayo yakaukapo hutoa joto, na joto likikosa njia ya kutokea, matambara huweza kuwaka yenyewe pasipo kibiriti, na nyumba ikaungua wenyewe wamelala. Yatandazwe nje moja moja, au yalowekwe majini.

Sasa chuma. Twashika tupa kwa mikono miwili, imekingama juu ya mtutu, tukaivuta kwa urefu wake mpaka mikwaruzo ya mashine itoweke. Lakini alama za majaribio zisiguswe: ndizo ushahidi kwamba mtutu ulijaribiwa kwa nguvu kuliko ya kawaida. Huko Birmingham, Uingereza, nyumba ya majaribio hayo iliwekwa kwa sheria mwaka 1813.

Kisha twaondoa mafuta yote juu ya mtutu, twaziba mdomo na tundu la moto, na kupaka dawa ya kuleta kutu. Mtutu hukaa mahali penye joto na unyevu. Kutu nyembamba itokeapo twaisugua kwa upole, tukapaka tena. Baada ya mipako kadhaa chuma huwa hudhurungi. Hapo twamwaga maji ya moto yenye magadi kuua nguvu ya dawa, na mtutu ungali na joto twaupaka mafuta.

Basi kutu ileile iharibuyo chuma, ikizuiliwa kwa wakati wake, huwa nguo yake. Lakini nguo hiyo ni ya nje tu. Masizi ya baruti huvuta unyevu, kwa hiyo ndani ya mtutu sharti paoshwe siku ileile ya kupiga.