KAZI IKISIMAMA, SIKU HAZISIMAMI

(Maneno tuliyoyasema katika mkutano wa mafundi wa ujenzi)



Leo twataka kuwaeleza habari za mafundi wenzetu wa California, Marekani. Huko fundi, kibarua au kontrakta mdogo asiyelipwa aweza kulidai jengo lenyewe. Huandikisha dai lake katika ofisi ya kaunti inayoweka habari za ardhi. Mwenye jengo asipolipa, korti yaweza kuamuru jengo liuzwe. Haki hii imo katika Katiba yao tangu 1879.

Lakini haki hii ina siku zake. Kazi ikiisha, kontrakta mdogo ana siku 90 za kuandikisha dai. Na hapa ndipo watu hunaswa. Kazi yaweza kuhesabiwa kuwa imekwisha hata kama paa halijaezekwa. Fedha zikikatika na kazi ikasimama siku 60 mfululizo, sheria yasema imekwisha, na zile siku 90 zaanza kwenda. Basi ana siku 150 tangu kazi iliposimama.

Tena, kazi ikisimama siku 30 mfululizo, mwenye jengo aweza kuandikisha tangazo la kusimama kwa kazi. Hapo kontrakta mdogo hubakiwa na siku 30 tu. Aliyedhani ana siku 150 kumbe ana 60!

Fundi huambiwa, "Ngoja, fedha zaja, tutaanza tena." Naye hungoja, na haki yake yapotea kimya kimya.

Kinga yake ni barua. Kontrakta mdogo hupeleka taarifa katika siku 20 tangu aanze kazi. Aliyeipeleka, kwa kawaida, lazima apewe habari ya lile tangazo katika siku 10. Asipopewa, siku zake hazipunguzwi. Na baada ya kuandikisha dai, ana siku 90 za kwenda kortini. Akichelewa, dai lake ni karatasi tu.

Ndugu, sheria yetu si hiyo. Lakini hata Sheria ya Kazi ya Kenya ya 2007 ina mpaka: dai la mkataba wa kazi lapaswa kufika kortini kabla ya miaka 3 kupita. Kwa hiyo twawaomba: siku mtakapoweka mwiko chini bila kulipwa, iandikeni tarehe, mje nayo chamani upesi. Tajiri mwenye deni hatawahesabia siku.