KIKAPU KINACHOIVISHA MAHARAGE

(Mazungumzo ya mjumbe wa kamati katika mkutano wa wanachama wa ushirika. Yameandikwa hapa ukutani kwa ajili ya wale ambao hawakuhudhuria. Anayejua kusoma amsomee mwenzake.)



Nimepewa nafasi nizungumze juu ya kazi za mikono nyumbani. Najua wengine mkisikia hivyo mnafikiria vitambaa vya kufunika meza na maua ya karatasi. Hayo ni mazuri, lakini leo nayaacha. Nitazungumza juu ya kikapu, udongo na kuni, kwa sababu hapo ndipo nguvu za kina mama zinapoishia kila siku.

Tuanze na maharage. Hapa kwetu Kibondo na Kasulu maharage ni chakula na ni fedha. Lakini jamani, maharage makavu yanakula kuni! Yanakaa motoni saa mbili, saa tatu, na yale ya msimu uliopita hata zaidi. Ipo sababu moja ambayo wengi hatukufundishwa. Nchi yetu ya Buha iko juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Mahali palipo juu, maji huanza kutokota kabla hayajafikia joto la maji yanayotokota pwani. Chungu kinachemka mbele ya macho yako, kumbe maharage yanaiva polepole kuliko yangeiva Dar es Salaam. Tofauti hiyo anailipa mama kwa mzigo wa kuni kichwani.

Na kuni zenyewe ziko wapi? Wazee mnakumbuka kampeni ya Misitu ni Mali ya mwaka 1980. Tulisikiliza redio, tukajadili, tukapanda miti. Tangu hapo watu wameongezeka, mashamba yamepanuka. Mwaka 1996 ilifunguliwa kambi ya Nyarugusu, Kasulu. Mwaka 2015 kambi ya Nduta, Kibondo, ilifunguliwa tena kupokea wenzetu kutoka Burundi. Mama wa kijijini na mama wa kambini wote walikwenda kutafuta kuni katika msitu uleule. Pengine waligombana, na pengine walikutana na watu wabaya njiani. Njaa haina kambi wala kijiji, kila mmoja alikuwa anataka chakula cha watoto kiive.

Sasa nije kwenye kikapu chenyewe. Maharage yakishachemka vizuri, kinachoyaivisha ni joto lile la chungu. Hata ukichochea moto mpaka maji yarukeruke, hayataiva upesi zaidi, kuni tu ndizo zinakwisha. Basi tukilizuia joto lisitoke chunguni, chakula kitaendelea kuiva bila moto. Ni kama mtoto mchanga: ukimfunika vizuri hapati baridi.

Tengeneza hivi:

1. Chukua kikapu au tenga, la mianzi, la fito, lolote ulilo nalo. Liwe kubwa kuliko sufuria yako, ibaki nafasi ya vidole vinne kila upande na chini.

2. Jaza nafasi hiyo kwa kitu chepesi na kikavu: majani makavu ya mgomba, maganda ya mahindi, nyasi laini au matambara. Shindilia, lakini si kama unajenga ukuta, kwa sababu hewa iliyofungwa humo ndani ndiyo inayozuia joto. Tandika kitambaa juu yake ili takataka zisiingie chakulani.

3. Shona mto mnene wa kufunika juu. Hapa wengi hukosea. Joto hupanda juu, kwa hiyo mto ukiwa mwembamba kazi yote imepotea.

Kupika nako kuna utaratibu. Loweka maharage usiku kucha, kisha mwaga maji yale. Weka maji mapya, funika, chemsha kwa nguvu dakika 20 tangu yaanze kutokota. Tafadhali sana, dakika hizo usizipunguze! Maharage, hasa mekundu, yana sumu inayoleta matapishi na tumbo la kuharisha, nayo huondoka kwa kuchemshwa kwa nguvu. Yakipashwa moto kidogo tu halafu yakatiwa kikapuni, watu wataugua. Baada ya hapo pangusa masizi, tia sufuria kikapuni na kifuniko chake, funika mto, nenda shambani. Usifunue kuchungulia! Baada ya saa tatu au nne rudisha sufuria motoni, ichemke tena, unga chumvi na vitunguu, mle.

Sufuria iwe imejaa au karibu kujaa, maana iliyo nusu hupoa upesi. Makande yanafaa, wali unafaa, viazi vinafaa. Ugali haufai, huo unataka mwiko na mkono. Wala msiache chakula humo mpaka asubuhi, maana kikishakuwa vuguvugu huanza kuharibika.

Juu ya jiko nitasema kwa kifupi. Mafiga matatu yanatupa joto kubwa pembeni na moshi mwingi machoni. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa moshi na hewa chafu ya majumbani viliua watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Udongo wa kichuguu, mchanga na nyasi zilizokatwakatwa vinatosha kujenga jiko lenye mdomo mmoja mdogo wa kuni. Pima shimo kwa sufuria yako mwenyewe. Liache likauke kivulini wiki mbili au tatu kabla ya kulitia moto mkubwa, ama sivyo litapasuka halafu mtasema jiko ni baya.

Mtu ataniuliza, "Ndugu mjumbe, siku hizi si tunaambiwa gesi?" Ni kweli. Mwaka 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Tunaunga mkono. Lakini hata mwenye mtungi anaona uchungu kupikia maharage saa tatu. Akiwa na kikapu, gesi inawaka muda mfupi tu. Kwa hiyo kikapu ni rafiki wa mwenye kuni na wa mwenye gesi.

Msidhani kazi ya mikono ni dalili ya umaskini. Kule Uvinza watu wamechemsha maji ya chumvi katika vyungu vya udongo kwa zaidi ya miaka 1,000, na chumvi hiyo ililisha nchi mbali na hapa. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu kama milioni mbili walisoma katika vikundi, wakachimba vyoo na kusafisha vijiji kwa mikono yao wenyewe.

Sasa neno gumu. Wanaojua kusuka tenga imara hapa kijijini ni wazee, nao wanapungua. Vijana hawajifunzi kwa sababu wanaona fundi anakaa siku nzima, halafu mnunuzi anambembeleza mpaka bei ya chai, au anachukua kwa mkopo asirudi. Kijana gani atarithi kazi ya namna hiyo? Tusilalamike kwamba ufundi unakufa wakati sisi wenyewe ndio tunaounyonga.

Kwa hiyo naleta mapendekezo matatu mkutano uyaamue:

Kwanza, ushirika ununue matenga kwa mafundi kwa bei iliyokubaliwa mkutanoni, fedha mkononi, na kila tenga liandikwe. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Pili, kila fundi atakayekubali kufundisha vijana wawili alipwe na ushirika kwa siku za mafunzo.

Tatu, kila nyumba ijipime yenyewe. Funga mzigo mmoja wa kuni, hesabu siku unazokwisha kwa upishi wa zamani. Funga mwingine ulio sawa, hesabu siku kwa kikapu. Lete hesabu yako mkutano ujao, ikiwa nzuri au mbaya. Kama kikapu hakisaidii, tutakiacha.

Na kina baba, kushona mto na kukanda udongo si mwiko kwa mwanamume. Maharage tunakula wote.