Ghala Limejaa, Mtoto Amedumaa



Leo kikundi chetu kinatimiza miaka 10, na tumeombwa tuseme machache juu ya watoto. Sisi wa Iringa tunalima mahindi, maharage na viazi mpaka tunalisha mikoa mingine. Lakini utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa kati ya watoto 100 wa chini ya miaka mitano mkoani kwetu, 57 wamedumaa. Kwa Tanzania nzima ni 30. Jamani, inakuwaje?

Tuseme ukweli. Mama anaondoka alfajiri kwenda shamba, anarudi jua linazama. Mdogo anaachwa na dada yake, naye ni mtoto pia. Uji mweupe wa asubuhi ndio huohuo wa mchana, umeshapoa. Mtoto aliyepita miezi sita hatoshelezwi na ziwa peke yake, na tumbo lake ni dogo: linataka kidogo kidogo, mara nyingi, tena penye karanga, maharage au dagaa. Nani yupo wa kumpa?

Mahindi nayo tunauza wakati wa mavuno, bei iko chini, tulipe madeni. Ikifika Februari tunayanunua kwa bei ya kuumiza. Fedha nyingi hazipiti mikononi mwetu, na msimu wa ulanzi nyingine zinaishia kilabuni.

Na sisi tusijitoe. Mwenzetu mmoja hakukosa kununua hisa hata wiki moja. Kumbe mayai yote yaliuzwa yakaingia kwenye sanduku letu. Siku ya kupima uzito, kadi ya mwanawe ikasoma nyekundu. Tulinyamaza wote, maana kila mmoja alijiona.

Tangu hapo tukakubaliana: mwenye mtoto wa chini ya miaka miwili hadaiwi faini akikosa hisa. Wakati wa palizi tunashika zamu, mama mmoja anabaki na watoto wa wote na kuwapikia. Na mkopo wa mavuno tunautoa bila riba, gunia lisiuzwe kwa haraka.

Akina baba, tunawaomba: kabla gunia halijapakiwa kwenye gari, tukae tuhesabu pamoja yanayotosha nyumbani mpaka mavuno mengine.