Mtandao Unaokatika na Kurudi: Tuandike Kabla ya Kulaumu

(Mazungumzo na watunza kumbukumbu na wahasibu wa vituo vya afya, katika semina ya siku moja)



Nimeombwa nizungumzie seva ambayo mtandao wake hukatika na kurudi. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Katika kituo kimoja ninachokihudumia, seva inayotunza kumbukumbu za wagonjwa ilianza kupotea mtandaoni kwa dakika chache, kisha inarudi yenyewe. Dada wa mapokezi aliandika maelezo ya mama mjamzito, akibonyeza kuhifadhi yanapotea, na mama anarudishwa kwenye benchi. Nilipofika nikaona waya wa seva unapita chini ya meza yake. Nikamwambia mbele ya wenzake kwamba anaukanyaga. Nikabadili waya, kesho yake mtandao ukakatika tena. Nikabadili swichi, hali ikawa ileile, na fedha ya kituo imetumika bure.

Aliyetuokoa ni dada huyohuyo. Alichukua daftari akaandika siku na saa ya kila tukio. Baada ya wiki mbili tulisoma pamoja. Matukio yote yalikuwa kati ya saa mbili na saa tano asubuhi, na Jumamosi hapakuwa na hata moja. Jumamosi ofisi ya uhasibu hufungwa.

Basi asubuhi moja, uhasibu ukiwa wazi, tulichomoa waya wa seva, kisha kwenye kompyuta nyingine tukatoa amri ya ping kwa anwani ya seva. Jibu likaja! Seva haipo mtandaoni, anayejibu ni nani? Amri ya arp -a ilituonyesha namba ya kadi ya mtandao ya kifaa kingine. Ilikuwa printa ya mhasibu.

Ndugu zangu, kila kifaa katika mtandao kinatakiwa kiwe na anwani yake. Viwili vikiwa na anwani moja, ujumbe huenda mara kwa hiki, mara kwa kile. Printa ile ilichapa kwa waya wa USB, kwa hiyo hakuna aliyeitilia shaka, lakini waya wa mtandao nao ulikuwa umechomekwa. Anwani ile niliiandika mimi nilipoifunga. Tena seva yenyewe ilikuwa imeandika katika kumbukumbu zake za matukio kwamba kuna mgongano wa anwani. Sikuwa nimezisoma.

Tuliipa printa anwani nyingine, tatizo likaisha. Nami nikamwomba dada radhi mbele ya wenzake walewale.

Si kila seva inasumbuliwa na anwani. Kwa hiyo fuateni utaratibu huu:

1. Andikeni siku, saa na vifaa vilivyokuwa vimewashwa.

2. Someni kumbukumbu za matukio za seva kwa saa hiyohiyo.

3. Tazameni taa ya tundu la mtandao wakati wa tukio. Ikizimika, kagueni waya, vichwa vyake, swichi na umeme. Waya wa shaba usizidi mita 100. Ikibaki inawaka, chunguzeni anwani na mipangilio.

4. Hakikisheni kadi ya mtandao ya seva haijapangwa kujizima ili kubana matumizi ya umeme. Kasi yake na ya swichi zipangwe namna moja: zote zijipangie zenyewe, au zote zipangwe kwa mkono. Zikitofautiana, mtandao huzorota kazi inapokuwa nyingi.

5. Badilini kitu kimoja tu kwa wakati, kisha ngojeni mwone. Mkibadili vitatu kwa pamoja hamtajua kilichoponya ni kipi.

Daftari lile ni la bei ndogo kuliko swichi niliyonunua bure. Kila kituo kiwe nalo kando ya seva, na aandike yule anayeitumia kila siku, maana ndiye anayeona.