Tusiwafungie Wazee Wetu Gizani

Mazungumzo ya Afisa Habari wa Halmashauri katika mkutano wa wananchi wa kata



Zipo kaya ambamo shida huanza jua linapotua. Mzee aliyeshinda ametulia huanza kuhangaika, humwita mtu aliyekwisha kufariki, hutaka kurudi kwao ilhali yupo kwake. Majirani hunong'ona kuwa ni uchawi. Watoto waliochoka humfungia chumbani. Huo si uchawi. Hiyo yaweza kuwa dalili ya dimenshia, maradhi ya ubongo yanayodhoofisha kumbukumbu na ufahamu. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa watu zaidi ya milioni 55 wanaishi nayo, na zaidi ya asilimia 60 kati yao wamo katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Ndani ya ubongo mna saa ya maumbile inayoupangia mwili wakati wa kulala na wa kuamka. Nuru iingiayo machoni ndiyo huirekebisha kila siku. Dimenshia huivuruga saa hiyo, na mzee anayeshinda ndani hukosa nuru ya kuirekebisha. Mchana husinzia, usiku hukesha.

Kwa sababu hiyo wataalamu wameijaribu tiba ya nuru. Nchini Uholanzi, utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulihusisha wakazi 189 wa nyumba 12 za kutunzia wazee. Baadhi ya nyumba hizo zilifungwa taa kali darini, zikawaka mchana kutwa. Wakazi wake walipungukiwa na dalili za sonona, na kudhoofika kwa akili kulipungua kidogo. Hata hivyo, mapitio ya tafiti yaliyotolewa na Cochrane mwaka 2014 yalibaini kuwa ushahidi haujatosha kuipendekeza tiba hiyo. Basi nuru haiponyi dimenshia. Asitokee mtu akawauzia taa kwa ahadi hiyo.

Ndugu wananchi, nuru ya mchana nje ya nyumba, hata kivulini, kwa kawaida huzidi ile ya taa za ndani, nayo hainunuliwi. Mtoeni mzee barazani kila asubuhi, akae na mtu wa kuzungumza naye. Mpeni kofia na maji ya kunywa, wala asilikodolee jua macho. Usiku, punguzeni kelele na mwanga ili mwili utambue kuwa ni wakati wa kulala.

Iwapo mzee amechanganyikiwa ghafla, msingoje: mpelekeni zahanati au kituo cha afya siku hiyo hiyo. Malaria, maambukizi au upungufu wa maji huweza kuleta hali hiyo, na hutibika. Na pale mlezi anapoelemewa, amwone afisa ustawi wa jamii kabla hajafikia kufunga mlango kwa kufuli.