Sailensi Ikipanda, Usikimbilie Skrubu

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Sumbawanga)



Kamati ya maandalizi iliponiandikia kunitaka nizungumze leo, ilitaka kujua mada yangu mapema. Wenzangu walionitangulia miaka iliyopita wamezungumza juu ya kilimo cha mahindi, juu ya elimu, na juu ya maadili ya watumishi wa umma. Mimi nikajibu kwamba nitazungumza juu ya gari langu bovu. Nasikia Kamati ilicheka sana. Hata hivyo ilinikubalia, nami naishukuru.

Nikitazama pale nje chini ya miti naona magari yetu. Machache ni mapya. Mengi ni ya umri wa miaka 20 na zaidi, yaliyonunuliwa mtumba, yakatumika na wenyewe watatu au wanne kabla yetu. Hayo ndiyo yanayobeba watoto wetu kwenda shule, na wazee wetu kwenda hospitali na msibani. Kwa hiyo habari ya gari bovu ni habari ya watu waliomo ndani yake.

Nina jambo moja tu la kusema. Injini inayonguruma kwa kasi bila kukanyagwa inapata hewa mahali ambapo dereva hakuipa. Mtu asipopatafuta mahali hapo, akaridhika kupunguza mngurumo tu, amenyamazisha kengele na kuuacha moto ukiwaka.

Kwanza tuelewane maneno. Mafundi wetu huita "sailensi" ule mwendo wa injini gari likiwa limesimama na dereva hajakanyaga mafuta. Kwa gari dogo la petroli, injini ikiwa imekwisha kupata moto, mwendo huo kwa kawaida huwa kati ya mizunguko 700 na 800 kwa dakika. Asubuhi ya baridi injini huanza na mizunguko 1,200 au hata 1,500, kisha hushuka polepole kadiri inavyopata moto. Hiyo si kasoro, na kwa baridi yetu ya Juni na Julai msishangae ikichelewa kidogo kushuka. Kasoro ni pale injini imepata moto kabisa, nayo bado inanguruma kwa mizunguko 1,500, au inapanda na kushuka, inapanda na kushuka, kama mtu aliyekimbia mlima.

Mwalimu wetu wa Fizikia alitufundisha habari za kanieneo na ombwe, na wengi wetu tulikariri ili tufaulu mtihani. Injini ndiyo somo lile lile. Pistoni ikishuka huvuta hewa. Dereva asipokanyaga mafuta, kile kipepeo cha chuma kwenye njia ya hewa huwa karibu kufungwa, na nyuma yake, ndani ya manifodi, hubaki ombwe. Ombwe hilo hutumika kwa kazi nyingine, na kubwa kuliko zote ni breki. Ule mtungi mweusi wa duara ulioko mbele ya dereva, ambao mafundi huuita hidrovaki, huvutwa na ombwe la injini kupitia mpira mmoja mnene, nao huuongezea nguvu mguu wetu. Sasa mpira wowote unaotoka kwenye manifodi ukipasuka, hewa huingia kwa mlango wa nyuma. Katika magari mengi ya mfumo wa sindano za mafuta, sensa hupima kanieneo ya manifodi, huona hewa imezidi, na kompyuta huongeza petroli. Injini inapanda, na mguu wako umetulia.

Habari hii ya hewa isiwe ngeni kwetu sisi wa Ufipa. Babu zetu walifua chuma kwa matanuru marefu ya udongo, malungu, ambayo mabaki yake bado yanaonekana katika uwanda huu. Malungu hayakuvuviwa na mtu. Hewa iliingia yenyewe kupitia mirija ya udongo iliyopangwa chini, ikapanda ndani ya tanuru pamoja na moto. Mfua chuma alijua kwamba moto hutawaliwa kwa kutawala matundu ya hewa. Fundi wa injini anatakiwa kujua hilo hilo.

Tena tunaishi juu. Sumbawanga iko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa hapa ni kama asilimia 80 ya ile ya Dar es Salaam. Gari la kabureta lililorekebishwa pwani hufika hapa likatoa moshi mweusi, kwa kuwa petroli ni ile ile na hewa ni pungufu. Na hidrovaki, ambayo hufanya kazi kwa tofauti kati ya kanieneo ya nje na ombwe la ndani, ina nguvu pungufu hapa kuliko Dar es Salaam hata ikiwa nzima. Ikiwa mbovu, basi hali ni mbaya zaidi. Haya sikuyajua kwa kusoma. Niliyajua kwenye mteremko.

Gari langu ni Toyota Corolla 110 ya gia za mkono, iliyotengenezwa mwaka 1998. Mwezi Mei 2019 ilianza kunguruma. Injini ikipata moto, sailensi ilikaa kwenye 1,500, na nilipokuwa nasubiri kufunguliwa geti la ofisi ilipanda na kushuka. Askari wa getini akaniambia, "Mzee, leo gari lako lina haraka kuliko wewe." Tukacheka. Petroli niliyozoea kutumia kwa wiki nzima ikawa inaisha siku ya tano.

Nikaenda kwa fundi mmoja. Alifungua boneti, akasikiliza, akachukua bisibisi, akazungusha skrubu inayozuia kipepeo cha hewa. Sailensi ikashuka mpaka 800. Kazi ya dakika 5. Nikamlipa shilingi 5,000 na kumsifu mbele ya wateja wengine kwamba huyu ndiye fundi. Simlaumu yeye peke yake. Mimi ndiye niliyemwambia, "Nipunguzie huo mngurumo," naye alitenda nilichoomba. Sikumwuliza mngurumo unatoka wapi.

Wiki mbili baadaye tukapata msiba Muze, kule bondeni. Nilimchukua mama yangu mkubwa na wajukuu zake wawili. Wanaoijua barabara ya kutoka Ntendo kushuka Muze wanajua ninachosema. Ukifika ukingo wa Lyamba lya Mfipa, nchi inakatika. Bonde la Ziwa Rukwa liko karibu mita 1,000 chini yetu, na barabara inateremka kwa kona juu ya kona, mlima upande mmoja na korongo upande wa pili.

Tulikuwa tumeanza kuteremka nikiwa na gia ya tatu. Katika kona ya pili au ya tatu nikasikia injini inapanda yenyewe, ingawa mguu wangu ulikuwa umeachia mafuta. Gari badala ya kuzuiwa na injini likawa linasukumwa. Nikakanyaga breki. Pedeli ilikuwa ngumu kama jiwe. Gari likapunguza mwendo kidogo tu, kisha likaendelea.

Ndugu zangu, hidrovaki ikikosa ombwe breki hazipotei kabisa, ila zinataka nguvu nyingi kuliko zile mguu ulizozoea kutoa. Wakati ule sikuwaza hivyo. Nilikanyaga kwa miguu yote miwili, nikaingiza gia ya pili, halafu ya kwanza kwa kelele, nikavuta breki ya mkono kidogo kidogo ili magurudumu ya nyuma yasije yakateleza. Nikaliegemeza gari upande wa mlima, likakwaruza ukingo wa udongo, likasimama. Watoto nyuma walikuwa kimya. Mama mkubwa akaniambia, "Mwanangu, mbona unahema hivyo?" Hakuwa amejua. Nikamjibu, "Ni vumbi, mama." Sikuweza kumweleza zaidi mpaka tuliporudi nyumbani.

Nyuma yetu lilikuja lori lililokuwa likienda bondeni kuchukua mpunga. Dereva wake, mtu wa makamo, alisimama na kuweka jiwe chini ya gurudumu langu hata kabla ya kunisalimu. Akaniambia niwashe injini, akainamisha sikio. Kulikuwa na sauti ya kufyonza, fsss, kama ya nyoka. Akaukamata ule mpira mnene wa hidrovaki, akaukunja, na injini ikashuka pale pale. Chini ya klipu, mahali ambapo jicho halifiki kwa urahisi, mpira ulikuwa umepasuka kwa urefu wa kidole. Ufa ule ulikuwapo tangu Mei. Ndio uliokuwa ukininguruma getini.

Akakata kipande kilichopasuka kwa kisu, urefu uliobaki ukatosha, akachomeka na kukaza klipu. Tukawasha. Injini ikazimika. Tukawasha tena, ikazimika tena. Hapo yule mzee akanitazama akauliza, "Nani aligusa skrubu hii?"

Hapo nilielewa kila kitu. Fundi alikuwa amefunga mlango wa mbele ili kusawazisha hewa iliyokuwa ikiingia kwa mlango wa nyuma. Mlango wa nyuma ulipozibwa, injini ikakosa hewa, na valvu ya sailensi, ambayo ingeweza kufidia, ilikuwa imejaa masizi. Kwa wiki mbili nilikuwa naendesha gari lenye makosa mawili yaliyofichana, na saa ya mshale mbele yangu ikisema mambo ni mazuri.

Alirudisha skrubu mpaka injini ikatulia. Kisha akanifundisha kipimo ambacho kila mmoja wetu anaweza kukifanya leo kabla ya kuondoka hapa. Zima injini. Kanyaga breki mara tatu au nne mpaka pedeli iwe ngumu. Iendelee kukanyagwa, kisha washa injini. Kama hidrovaki na mpira wake ni wazima, pedeli itazama kidogo chini ya mguu. Isipozama, usisafiri. Yangu ilizama. Tukateremka kwa gia ya kwanza mpaka Muze, naye nyuma yetu. Niliporudi mjini nilifunga mpira mpya na valvu yake mpya, nikasafisha njia ya hewa, na tangu hapo sailensi haijapanda.

Basi sailensi ikipanda, fuateni mpango huu. Vuteni breki ya mkono, gia iwe huru, nguo na mikono viwe mbali na feni.

Kwanza, injini ipate moto kabisa ndipo uhukumu.

Pili, tazama kebo ya mafuta. Inatakiwa ilegee kidogo. Ikivutwa muda wote, kipepeo hakifungi.

Tatu, injini ikiwa imepoa, tazama maji ya rejeta. Katika magari mengi ya zamani maji ya moto hupita karibu na kipepeo ili kukijulisha kifaa cha kuongeza sailensi kwamba injini imepata moto. Maji yakipungua, kifaa hicho hudhani bado ni asubuhi. Mwenye kabureta aangalie pia kama choki imekwama.

Nne, bana mipira ya hewa mmoja mmoja kwa koleo lililofungwa kitambaa. Ukibana mmoja na sailensi ikashuka, fuatilia mpira huo mpaka mwisho wake. Kwenye maungio ya manifodi dondosha maji ya sabuni kidogo kidogo, mbali na nyaya. Yakifyonzwa na sauti ikabadilika, gasketi inavuja. Msitumie petroli kwa kazi hii, maana mtaliunguza gari na ninyi wenyewe.

Tano, safisha masizi kwenye kipepeo na kwenye valvu ya sailensi kwa dawa ya kusafishia kabureta.

Skrubu iwe ya mwisho kabisa, na mara nyingi mtakuta haihitaji kuguswa.

Ndugu Mwenyekiti, wengi wetu tuliomo humu ni watumishi wa ofisini, na sitaki kuligeuza gari langu kuwa mahubiri. Lakini nakiri kwamba tangu siku ile, mtu akiniletea faili lenye malalamiko na kupendekeza tuandike barua ya kuwatuliza walalamikaji, humwuliza kwanza kama amekwisha kuutafuta ufa. Waswahili wamesema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi kilikaribia kuniumbua pamoja na mama mkubwa na watoto wawili wasiokuwa na habari.

Nimemwomba Mkuu wa Shule, naye amekubali, kwamba kesho saa 3 asubuhi gari langu lisogezwe mbele ya maabara ya Fizikia. Nitafungua boneti, vijana wa kidato cha tatu wabane mipira kwa mikono yao na kuona mshale ukisogea. Labda hawatalikariri somo la ombwe kama tulivyolikariri sisi.

Kabla hamjawasha magari kurudi nyumbani, tafadhali kanyageni breki mara tatu.